Ubao wa Mfereji

Assumani alipoutoa mfereji wake kuwa wakfu, alisimama mbele ya watu wa Rumonge baada ya swala ya Ijumaa, akaweka sharti. Maji yakitoka mlimani yaende kwanza katika birika la msikiti. Birika likijaa, yamwagikie katika kisima cha kunywa cha mtaa. Yakibaki, ndipo yaende shambani. Hakuandika popote. Alisema, watu wakasikia, Mwalimu Idi akasoma Fatiha. Mwaka haukuisha, Mungu akamchukua, na ulinzi wa maji yale ukabaki kwa mjane wake, Bi Kulthumu.

Shamba lililopata maji ya mwisho lilikuwa la Bi Kulthumu mwenyewe. Alilima mpunga kidogo, viazi vitamu na mboga za lengalenga, na humo ndimo alimopata riziki yake. Lakini hakuna siku aliyoyavuta maji shambani kabla ya birika kujaa. Kila alfajiri, akishaswali, alishika jembe lake fupi akapanda kwa kuufuata mfereji mpaka kwenye chemchemi. Alitoa majani, akaziba matundu ya kaa, akafukuza mbuzi za watu kwa maneno machache. Akiteremka, alimalizia pale juu ya msikiti, mfereji ulipogawanyika. Pale palikuwa na mbao mbili. Ubao wa kwanza ulikaa umeinuliwa sikuzote, maji yapite kwenda birikani. Wa pili, uliokata moja kwa moja kuelekea shambani, ulikaa umeteremshwa. Ulikuwa wa siku ya kusugua birika tu, na birika lilisuguliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Shaabani.

Hizo zilikuwa zama za Wadachi, yaani Wajerumani. Boma lao lilikuwa Usumbura, askari wao walipita ufukweni kila walipotaka, na mfanyabiashara mmoja wa kwao alikuja kukaa Rumonge kwa ajili ya mawese. Mawese yakibaki na maji ndani yake yanachacha njiani. Na ukiyachemsha sana ili maji yatoke, yanaungua, yanakuwa meusi. Kwa hiyo yule Mdachi alileta pipa kubwa la shaba, likaja vipande vipande vichwani mwa wapagazi, akalisimamisha karibu na ziwa, chini ya shamba la Bi Kulthumu.

Alimasi, mtoto pekee wa Bi Kulthumu, alikuwa mwashi kama baba yake, na Mdachi alimwandika kazi ya maji. Jioni alikuja kumweleza mama yake.

"Pipa linafungwa, mama, kisha pampu inanyonya hewa yote iliyo ndani. Watu wanne wanazungusha gurudumu. Hewa ikitoka, mawese yanachemka kwa moto mudogo tu, maji yanapanda kama mvuke, mafuta hayaungui."

"Mungu ana siri nyingi," alisema Bi Kulthumu. "Na wewe kazi yako iko wapi hapo?"

"Ule mvuke unapita katika bomba lililojikunja kama utumbo wa mbuzi. Bomba limelala ndani ya hodhi la maji ya baridi. Mvuke ukikutana na baridi, unarudi kuwa maji, unatoka. Ukikosa baridi hauna pa kwenda. Unarudi nyuma, unajaa ndani ya pipa."

"Ukijaa?"

"Lile pipa limeumbwa kunyonywa, mama. Halikuumbwa kusukumwa."

Mwanzo walitumia maji ya ziwa, yalikuwa karibu. Lakini maji ya ukingoni yana mchanga, yana majani, yana samaki wa ndagala wadogo kuliko kidole, na vyote hivyo vilikwenda kukaa katika hodhi na kuligandia lile bomba. Alimasi akafunga mdomo wa mfereji wa ziwani kwa kipande cha wavu wa ndagala. Akajenga kishimo cha maji kutulia, akapanga changarawe, juu yake mchanga uliooshwa, juu yake makaa. Maji yakatoka safi, mtu angeweza kuyanywa. Mdachi akatumbukiza kioo chake cha kupimia joto, akatikisa kichwa. Maji ya ukingoni yanapigwa na jua tangu asubuhi. Yalikuwa safi, lakini hayakuwa baridi, na mawese yakatoka rangi ya kahawa.

Yule Mdachi alipenda sana kile kioo. Alikitia ziwani, mtoni, katika mitungi ya watu. Mtaani walimwita Bwana Kipimo. Zuwena, jirani ya Bi Kulthumu, aliyeolewa na Kassimu, alikuwa akichota maji kisimani siku Bwana Kipimo alipopita akakitumbukiza na hapo.

"Eh, Mama Alimasi," alisema Zuwena Mdachi alipokwisha kwenda, "huyu mutu atatupima mpaka uji. Nimemwambia Kassimu, usipige mwayo mbele yake, atakutia kioo kinywani aone kama ndani kunachemka."

Wanawake walicheka. Kassimu alikuwa ameandikwa kazi naye: kukaa mbele ya kidirisha cha kioo cha pipa, kutazama mawese yanavyochemka, na kupaza sauti yakipanda.

Bi Kulthumu hakucheka. Alikuwa amemwona Mdachi akikitazama kile kioo baada ya kukitoa kisimani, akikitazama muda mrefu, kisha akiinua macho kuufuata mfereji mpaka mlimani.

Alikuja nyumbani kesho yake, yeye na Alimasi. Alikaa kwenye kiti, kofia magotini. Alijua Kiswahili, ingawa alikisema kana kwamba anapigilia misumari.

"Mama, nataka maji ya mlima. Maji yale ni baridi. Yanatosha."

"Yale ni maji ya wakfu, Bwana."

"Alimasi amenieleza wakfu. Lakini mimi siyanywi, siyachafui. Yanazunguka bomba kwa nje tu, yanatoka. Hayagusi mafuta. Yanaingia baridi, yanatoka na joto, basi."

"Hata yangetoka matamu kama asali," alisema Bi Kulthumu, "mwenye kuyatoa alisema yaanze msikitini. Mimi niliachiwa kulinda. Sikuachiwa kubadilisha."

Mdachi alimtazama Alimasi. Alimasi alitazama chini.

"Ninaweza kupata amri ya boma," alisema Mdachi, bila hasira.

"Najua, Bwana. Ndiyo maana nakuambia mapema, usije ukasema sikukuambia."

Kuku alipita kati yao. Mwisho Bi Kulthumu akasema jambo alilokuwa amelilalia na kuliamkia tangu jana yake.

"Iko sehemu moja ninayoweza kutoa, kwa sababu ni yangu. Maji ya shamba. Birika likijaa, kisima kikijaa, yanayobaki ni ya shamba langu. Chukua hayo. Nitalima kando ya mto kama wengine."

"Mama!" alisema Alimasi.

"Nyamaza, mwanangu. Naongea na Bwana."

Mdachi alikwenda kupima maji yaliyokuwa yakiingia shambani, akayaona yana joto zaidi kidogo kuliko ya chemchemi, lakini si haba. Alirudi uso umefunguka. Alikubali. Kisha akataka jambo moja tena: Alimasi ajenge hodhi la akiba karibu na pipa, kubwa, lijae maji, ili mfereji ukikatika apate muda wa kuzima moto.

"Maji ya wakfu hayakatiki, Bwana," alisema Bi Kulthumu. "Hayajakatika tangu marehemu alipoyatoa. Watu wakichota kumi, Mungu analeta ishirini."

Alimasi naye aliitikia. Alikuwa amelelewa na neno hilo. Tena hodhi kubwa lilitaka matofali na chokaa, na chokaa ilitoka mbali. Mdachi alisitasita. Lakini mkubwa mmoja wa boma alikuwa aje na mashua kutoka Usumbura kulitazama pipa likifanya kazi, na siku zilikuwa zimebana.

"Haya," alisema. "Tutajenga baadaye."

Alimasi aliifanya kazi ile kama anajenga nyumba yake. Aliagiza mabomba ya udongo kwa wafinyanzi wa Watwa wa juu ya vilima, mapana kama paja la mtu, akayaunganisha kwa udongo wa kichuguu. Akayazika ardhini na juu akaweka makuti ya mchikichi, jua lisiyafikie. Pale yalipoanza aliweka chujio la mianzi, na pale yalipoishia, kishimo cha kutuliza mchanga. Bi Kulthumu alikuja kutazama mara nyingi, akiwa na ushungi wake na ukimya wake. Mara moja aliinama, akatoa jani lililokwama kwenye chujio, akaenda zake. Viazi vyake nyuma ya mabomba vilikuwa vimeanza kulegea majani.

Walilijaribu pipa kwa siku kadhaa. Mshale wa kipimo kingine kilichokuwa juu ya pipa, cha kuonyesha unyonyaji, ulikaa pale Mdachi alipotaka. Mawese yakatoka mekundu, mang'avu. Zuwena aliletewa na mumewe kikopo kidogo akakipitisha mtaani watu wanuse.

"Hayana hata harufu ya moshi," alisema. "Kassimu anasema ndani ya pipa yanacheza kama bibi harusi. Siku hizi hanitazami mimi, anatazama dirisha."

Mkubwa wa boma alifika siku ya Alhamisi jioni, na Mdachi akapanga kazi ianze kesho yake asubuhi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Alimasi alijua ni Ijumaa, na Bi Kulthumu alijua. Hakuna aliyeliona jambo lenyewe mpaka liliposimama mbele ya macho yao.

Ilikuwa kiangazi, chemchemi imepungua kama inavyopungua kila mwaka. Siku za kawaida watu wa mtaa tu ndio waliotawadha msikitini, na birika lilifurika mchana kutwa. Lakini habari ya pipa na ya mkubwa wa boma zilikuwa zimetembea. Watu walikuja kutoka Minago, walikuja kutoka Muhuta kwa mitumbwi, wengine walitembea kutoka Nyanza. Waislamu kati yao walisema, madhali tumefika na leo ni Ijumaa, tukaswali. Na mtu aliyetoka safari hatawadhi tu siku ya Ijumaa, anaoga. Walichota kwa ndoo, kwa vibuyu, kwa masufuria waliyoazima. Wasio Waislamu nao walikuwa na kiu, wakajipanga kisimani.

Bi Kulthumu alikuwa amesimama karibu na birika, kama desturi yake ya Ijumaa, kuangalia watu wasimwage ovyo. Alifurahi kwanza kuwaona wengi vile. Alimwona Mzee Hadji, mkali wa mtaa, akimgombeza kijana wa Minago.

"Mbona unajimwagia kama unazima nyumba? Hapa ni msikitini, si ziwani!"

"Mzee, nina vumbi la njia nzima."

"Basi ungelipitisha ziwani kwanza, utuletee sisi kilichobaki!"

Watu walicheka. Ndipo Bi Kulthumu alipotazama ukingo wa birika. Palipokuwa na maji pakimwagika daima palikuwa pakavu. Jiwe lilikuwa limeshakuwa jeupe kwa jua. Alitazama upande wa kisima. Hakikuwa kikifurika. Na chini zaidi, kule yalikoanzia mabomba ya Alimasi, hakukuwa na sauti yoyote.

Kabla hajageuka, Zuwena alitokea akikimbia, kanga imemtoka begani. Alikuwa amekwenda kumpelekea mumewe chakula.

"Mama Alimasi! Maji! Maji hayaji!"

"Tulia. Sema."

"Maji ya hodhi yamekuwa ya moto, yanatoa mvuke. Mshale umerudi nyuma, pipa linanguruma. Alimasi anavuta kuni motoni kwa mikono lakini moto ni mkubwa. Mdachi anapiga kelele kila mutu asimame mahali pake. Kassimu iko mbele ya kile kioo. Nimemwambia ondoka, anasema akiondoka ni kiboko mbele ya mkubwa. Mama, kile kioo kimetoka ufa. Nimeuona kwa macho."

Bi Kulthumu aliinua macho kuelekea pale juu, penye mbao mbili. Hapakuwa mbali. Watu walikuwa wamesimama, vyombo mikononi. Muadhini alikuwa amekwisha kuadhini mara ya kwanza.

Alianza kupanda. Mzee Hadji aliona anakokwenda, akamfuata, maji yakimchuruzika ndevuni.

"Bi Kulthumu! Usiguse huo ubao! Ijumaa hii, saa hii, watu hawajatawadha? Assumani alisemaje?"

"Najua alisemaje. Nilikuwepo."

"Basi waache Wadachi na pipa lao! Nani aliwaambia wafunge maji ya moto ndani ya shaba?"

"Kassimu hakulifunga yeye," alisema Zuwena nyuma yao, na sauti yake haikuwa tena ile ya kisimani.

Mwalimu Idi alikuwa ametoka mlangoni mwa msikiti, kilemba kichwani, tayari kwa hotuba. Bi Kulthumu alimtazama. Alikuwa akimngoja aseme neno, lolote, halali au haramu, ili alishike. Mwalimu alipiga hatua mbili, akasimama.

"Sharti la mwenye wakfu ni zito," alisema. "Na roho ya mtu ni nzito. Wewe ndiye msimamizi, Bi Kulthumu. Mimi siwezi kukushikia mkono."

Kutoka chini ilisikika filimbi ya mvuke, ndefu, nyembamba, haikukatika.

Bi Kulthumu alishika ubao wa kwanza kwa mikono miwili. Ulikuwa umeinuliwa muda mrefu hata umevimba katika mfuo wake, hauteremki. Aliupiga kwa kisigino cha jembe. Aliupiga tena. Ubao ulishuka kwa kishindo, na maji yaliyokuwa yakienda birikani yakagonga ubao, yakapanda, yakaanza kumlowesha miguu. Kisha aliuvuta wa pili. Maji ya mlimani yote, mazito na ya baridi, yaligeuka yakaingia katika mabomba ya Alimasi.

"Bismillahi," alisema, na hakujua kama alikuwa akianza jambo au akiomba radhi.

Watu wote walisikia birika likinyamaza. Mtu akishazoea sauti ya maji, anaisikia zaidi inapoondoka. Mtu mmoja wa Muhuta alikuwa ameosha mikono na uso, akabaki amekunja suruali, akiangalia miguu yake mikavu.

"Sasa nifanye nini mimi?" aliuliza. "Nusu yangu imetawadha."

"Yaliyobaki katika birika wachukue wazee," alisema Mwalimu Idi kwa sauti. "Wengine tayamamuni. Udongo upo."

"Tayamamu!" alisema Mzee Hadji. "Tangu siku ya Assumani hatujajipaka udongo mbele ya msikiti huu. Leo tumekuwa wasafiri wa jangwani, na ziwa lile pale tunaliona!"

"Basi nenda ziwani, mzee," mmoja alimjibu. "Ukirudi utatukuta tumekwisha kutoa salamu na kwenda kula."

Hakuna aliyecheka kwa moyo. Wakainama, wakapiga viganja vyao kwenye udongo safi wa kando ya ukuta, wakapangusa nyuso na mikono.

Bi Kulthumu alikaa kwenye jiwe la njia panda ya maji, miguu yake mfereji ukiipita. Hakuteremka. Alisikiliza ile filimbi. Zuwena alikuwa amekimbia tena chini, na kanga yake ilikuwa imebaki juu ya nyasi. Maji yanahitaji muda kufika, hata yakiteremka. Yalipaswa kupita chini ya viazi, chini ya makuti, katika kishimo cha mchanga, ndipo yaingie hodhini. Mjane alisoma Kul Huwallahu, akaisoma tena na tena, asihesabu. Filimbi ilikuwa ileile. Kisha ikawa kama inavuta pumzi. Kisha ikashuka, ikakwaruza, ikanyamaza.

Akabaki amekaa mpaka Zuwena alipopanda polepole, uso umelowa jasho.

"Yuko hai," alisema Zuwena. Akakaa chini kando yake. "Kioo kilirusha mafuta penye ufa, yamemuunguza mkono mpaka kiwiko. Lakini yuko hai. Moto umepungua, Alimasi iko mzima, amebabuka viganja tu. Kile kioo kimeshika, hakikuvunjika, Mama Alimasi. Kimeshika."

Alianza kulia. Bi Kulthumu aliokota kanga, akamfunika mabega.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nenda kamtie asali mkononi. Mimi nakuja."

Aliteremsha ule ubao wa pili, akainua wa kwanza. Birika lilianza tena kusema. Ndani, swala ilikuwa imekwisha.

Jioni ile Mdachi alikuja mwenyewe. Safari hii hakukaa na kofia magotini. Alikuja na fundi wa chuma na askari mmoja, akaenda moja kwa moja pale penye mbao. Bi Kulthumu alimkuta pale.

"Mama, umeokoa kazi yangu," alisema, na alikuwa akisema kweli, uso wake ulikuwa mwekundu kwa shukrani. "Maji ya moja kwa moja kutoka mlimani, mshale haukutikisika tena. Haujawahi kukaa vile. Mkubwa ameona kwa macho yake."

"Niliyafungua kwa dharura, Bwana. Watu walikuwa karibu kufa."

"Ndiyo. Na mimi sitaki watu wafe." Alimwonyesha karatasi yenye muhuri wa boma, aliyopewa na yule mkubwa. "Kwa hiyo pipa litapata maji ya kwanza. Siku zote. Pipa likilala, msikiti utapata."

Bi Kulthumu hakujua kusoma maandishi ya Kidachi. Hakuomba asomewe.

"Ungejenga hodhi la akiba, Bwana," alisema. "Ulilitaka wewe mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuambia maji haya hayakatiki. Sikusema kwa ujanja. Niliamini baraka ni wingi. Lijenge sasa, Alimasi atalijenga bure, na maji yabaki zamu yake."

Mdachi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hakuwa katili. Lakini karatasi ilikuwa imeshapigwa muhuri, na mshale alikuwa ameuona ukitulia.

"Hodhi la akiba likiisha, tutakuwa tumerudi palepale," alisema. "Hivi ni salama zaidi." Akampa ishara fundi. Fundi akaupigilia ubao wa pili ukiwa umeinuliwa, kwa vyuma viwili, na wa kwanza akauacha chini kwa kufuli, askari aufungue usiku pipa likilala. Alimasi alikuwa amesimama mbali, viganja vimefungwa vitambaa, asiweze hata kushika nyundo kama angetaka.

Miezi ilipita. Pipa lilifanya kazi karibu kila siku, na birika la msikiti na kisima cha mtaa vilijaa usiku tu. Watu waligundua kuwa maji yanayotoka kwenye hodhi la Mdachi, yakiwa yamekwisha kulipoza bomba, yalikuwa masafi kama yalivyoingia. Mwalimu Idi aliyatazama rangi, akayanusa, akayaonja, akasema yanafaa kutawadhia. Alimasi akajenga pale kijibirika kidogo cha mawe, na watu wakaanza kuteremka kutawadha kando ya pipa kabla ya kupanda msikitini. Wazee waliyapenda. Yalikuwa na uvuguvugu. Asubuhi za mvua Mzee Hadji alikuwa wa kwanza kufika.

"Magoti yangu yanasema Mudachi huyu atapata thawabu bila kujua," alisema, na watu wakacheka.

Bi Kulthumu alimwendea Mwalimu Idi siku moja baada ya darasa la wanawake, akangoja wengine waondoke.

"Mwalimu, niambie. Nimevunja?"

Mwalimu alimaliza kukunja msala.

"Siku ile hukuvunja," alisema. "Ulitoa kilicho mkononi mwako kumwokoa mtu. Kilichofuata hakikuwa mkononi mwako."

"Lakini kilifuata kwa sababu ya siku ile."

"Ndiyo."

"Na watu wamezoea. Hakuna anayesikitika."

"Unataka wasikitike?"

Alifikiri. "Hapana," alisema. "Nilitaka tu nisiwe peke yangu."

Mwalimu aliuweka msala begani, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Alhamisi moja alasiri alikwenda makaburini, nyuma ya michikichi. Alisafisha majani juu ya kaburi la Assumani, akakaa upande wa kichwa.

"Nimekuja na habari," alisema kwa sauti ya kawaida, kama wanavyosemeshana mke na mume. "Maji yako yanakwenda kwa Mdachi kwanza. Ubao niliupiga mimi, kwa jembe. Kassimu yuko hai, mkono wake umepona isipokuwa vidole viwili havikunjiki. Zuwena ana mimba. Shamba limekauka, sasa nalima mtoni, mbu ni wengi lakini ardhi ni nzuri. Alimasi anasema siku moja Wadachi wataondoka na vyuma vitang'olewa. Mimi sijui kama nitaiona siku hiyo. Nilishindwa kuvishika vyote viwili, Assumani. Usinidai mbele ya Mungu. Na kama ni lazima unidai, nitakuja."

Alisoma Yasini mpaka pale alipoishia kuijua, kisha akarudia mwanzo.

Adhana ya magharibi ilimkuta njiani. Birika la msikiti lilikuwa tupu, sakafu yake inaonekana. Tangu siku ile hakuwa ametawadha kwa maji yanayotoka kwenye hodhi la pipa. Alikwenda ziwani, mbali na pipa, hata giza likiingia. Jioni hiyo miguu yake ilikuwa imechoka na swala ilikuwa inasimama. Aliteremka kando ya hodhi, upande wa wanawake. Walikuwa watatu mbele yake, na mmoja wao alikuwa Zuwena, mzito sasa, akishika kiuno.

"Pita, Mama Alimasi," alisema Zuwena, akisogea. Wale wengine nao wakasogea.

Bi Kulthumu alikunja mikono ya gauni lake. Aliinama, akakinga viganja chini ya mdomo wa bomba. Yalikuwa ya moto kidogo, kama maji yaliyosahauliwa juani. Alitia nia, akaanza kunawa.